Rudisheni Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza

Mtihani wa darasa la saba ukishapita Septemba, mji unajaa mabango. Yanabandikwa kwenye nguzo za umeme, kwenye milango ya steshenari, kwenye kuta za vituo vya daladala: "Pre-Form One", "English Course", "maandalizi ya intavyuu ya kidato cha kwanza". Kuanzia hapo mpaka Januari, wazazi wenye vipato vya kuungaunga wanatoa ada ya tuisheni, wananunua fomu za shule mbili tatu, wanampeleka mtoto kufanya mtihani wa kujiunga, na wengi wanarudi na jibu lile lile: Hisabati amejitahidi, ila Kiingereza hakimpandi. Mzazi anainamisha kichwa. Mtoto anaondoka akiamini kwamba yeye ni mzito wa kuelewa.

Si mzito. Ameonewa.

Ameonewa na watu wazima walioridhia kwamba mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili, anayehesabu kwa Kiswahili na kuota kwa Kiswahili, afundishwe sarufi ya Kiingereza kana kwamba kichwani mwake hamna lugha yoyote. Mwalimu wa tuisheni anaingia darasani na kuandika ubaoni "No Swahili". Tangu dakika hiyo mtoto amenyang'anywa kitu pekee alichokuwa nacho cha kuelewea jambo jipya. Atakaa kimya, atanakili, ataitikia "Yes, teacher" pale wenzake wanapoitikia, na atatoka alivyoingia.

Nasema hivi: sarufi ya msingi ya Kiingereza, ile inayotungiwa maswali ya intavyuu, inafundishika kwa watoto wetu wa shule za Kayumba, yaani za serikali, tena kwa muda mfupi kuliko tunavyodhani, mradi ifafanuliwe kwa Kiswahili na ilinganishwe na Kiswahili. Anayekataza hilo anamdhulumu mtoto. Anayelipisha ada huku akilikataza anamdhulumu na mzazi pia.

Sigusi hapa ule mjadala mkubwa wa lugha ya kufundishia sekondari; una watu wake na una siku yake. Wala simwambii mtu kwamba Kiingereza hakina maana. Mwalimu Nyerere mwenyewe mwaka 1984 alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Tangu 1967 mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili, na akivuka kwenda kidato cha kwanza anakutana na Fizikia na Jiografia kwa Kiingereza, apende asipende. Ndiyo maana nina hasira. Kama Kiingereza ni muhimu kiasi hicho, basi kifundishwe kweli.

Chukua kimoja cha vile vijitabu vinavyouzwa steshenari, vya karatasi za fotokopi zilizobanwa kwa plastiki. Fungua ukurasa wowote. Utakuta maswali yamepangwa kwa namba, kila moja lina pengo na herufi A mpaka D. "He is ___ honest man." "If I ___ you, I would apologize." "Neither the teacher nor the pupils ___ in the classroom." Kurasa za mwisho zina orodha ya majibu: 1 B, 2 C, 3 A. Basi. Hakuna sentensi hata moja inayosema kwa nini B. Mtoto wa Mbagala au Sengerema anakaa na kijitabu hicho wiki baada ya wiki, anakariri kwamba penye "honest" jibu ni "an", penye "if I" jibu ni "were". Siku ya intavyuu swali linakuja na "hour" badala ya "honest", na "if she" badala ya "if I", na kila alichokariri kinayeyuka. Waliomuuzia kijitabu hicho hawakumfundisha kitu. Walimuuzia majibu ya maswali yaliyokwisha kuulizwa.

Alichotakiwa kuambiwa kinaingia kwenye mistari mitatu ya Kiswahili. Vijineno "a" na "an" havifuati herufi iliyoandikwa, vinafuata sauti inayotoka mdomoni. "Hour" inaandikwa kwa "h", lakini hiyo "h" haisikiki, kwa hiyo ni "an hour". "University" inaandikwa kwa "u", lakini ukiitamka inaanza na sauti ile ya "yu" iliyomo kwenye "yule", kwa hiyo ni "a university". Mtoto wa Kiswahili amezoea lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa. Asipoambiwa kwamba Kiingereza hakiko hivyo, atajuaje? Badala yake anaimbishwa "a, e, i, o, u", kisha anaandika "an university", kisha anachapwa.

Kuna binti mmoja wa jirani aliyeniletea daftari lake la mazoezi likiwa na sentensi hii: "My mother he is sell fish." Mwalimu alikuwa ameikata kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni neno moja, "Wrong". Nikamwomba aniambie alitaka kusema nini. "Mama yangu anauza samaki."

Sasa tazameni kazi aliyoifanya huyo mtoto. Kiswahili kinadai kitenzi kibebe kiambishi cha nafsi hata pale mtenda alipokwisha kutajwa: mama a-nauza. Ile "a" akaitafutia neno, akapata "he". Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke kwenye "a" wala kwenye "yeye", kwa hiyo hakuwa na sababu yoyote ya kuwaza "she". Ile "na" ya wakati akaitafutia "is", kwa kuwa aliwahi kuambiwa kwamba "anauza" ni "is selling", akasahau mkia wake. Makosa ni matatu, na kila moja lina mantiki yake. Mtoto alikuwa anachambua sarufi, kiambishi kwa kiambishi, bila msaada wa mtu. Kalamu nyekundu ikamwambia hajui kitu.

Nilimweleza kwa Kiswahili. Kiingereza hakirudii mtenda. Ukishasema "my mother", imetosha. Zile alama za nafsi ambazo sisi tunazo sita, ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-, kwenye vitenzi vya kawaida vya Kiingereza vya wakati uliopo imebaki moja tu, ya nafsi ya tatu umoja, nayo haikai mwanzoni mwa kitenzi, inakaa mwishoni. Ndiyo ile "s". "My mother sells fish." Ukiuliza swali, "s" inahamia kwenye "does" na kitenzi kinabaki kitupu: "Does she sell fish?" Haziwi "s" mbili. Alinyamaza kidogo, kisha akaandika sentensi za kwake kuhusu baba yake, mdogo wake na paka wa nyumbani. Alikosea moja, akaiona mwenyewe, akaifuta. Hakuna uchawi uliofanyika hapo. Mtoto alipewa sababu, kwa lugha anayoielewa.

Twende kwenye nyakati, ambako watoto wengi wanaangukia. Kiswahili cha leo kimeipa "-na-" kazi mbili. "Anauza samaki" yaweza kuwa sasa hivi, yuko sokoni na kisu mkononi. Yaweza pia kuwa ndiyo kazi yake siku zote, hata kama saa hii yuko kitandani. Kiingereza hakikubali kuchanganya. La kwanza ni "is selling", la pili ni "sells". Asiyeambiwa ataandika "Every day I am going to school", na atakosa alama. Lakini Kiswahili hicho hicho kina kipimo, nacho ni "hu-". Mwambie mtoto ajaribu: kama "mama huuza samaki" inabeba maana uliyokusudia, andika "sells". Kama haiibebi, andika "is selling". Kisha muongezee kwamba vitenzi vya moyoni na akilini, kama "know", "want" na "love", kwa kawaida havipendi "-ing" hata kama jambo ni la sasa hivi. Huyo ataingia kwenye chumba cha mtihani na kipimo chake kichwani, na hakuna msimamizi wa kumnyang'anya.

"-Me-" nayo. "Amefika jana" tunasema kila siku na hakuna anayeshtuka. Kiingereza kinashtuka: ukishataja muda uliokwisha, "yesterday", "last week", "in 2019", basi "has" na "have" hazina nafasi, ni "arrived". Upande wa pili, "naishi hapa tangu 2019" ni Kiswahili safi kabisa, lakini "I am living here since 2019" ni kosa, kwa sababu hapo Kiingereza kinadai "have lived". Halafu kuna vitenzi vyetu ambavyo "-me-" inaeleza hali iliyopo sasa: amelala, amekaa, amesimama, amevaa. Mtoto anaandika "The baby has slept" akimaanisha yuko usingizini, na "She has worn a red dress" akimaanisha gauni liko mwilini. Mwalimu anayetumia lugha zote mbili analimaliza hilo kwa kipindi kimoja: hapa Waingereza husema "is sleeping", "is sitting", "is standing", "is wearing". Mwalimu aliyeapa kutotamka neno la Kiswahili hata jina la tatizo hawezi kulitaja, maana tatizo lenyewe liko kwenye Kiswahili.

Linaloniuma zaidi ni sentensi za masharti, zile za "if", ambazo hazikosekani kwenye intavyuu. Watoto wanazitetemekea. Wazitetemekee za nini, na mfumo mzima wanao tangu utotoni? Akija, nitamwambia. Angekuja, ningemwambia. Angalikuja, ningalimwambia. Ya kwanza ni jambo linalowezekana: "If he comes, I will tell him." Ya pili ni la kuwazia: "If he came, I would tell him." Ya tatu limekwisha pita na halikutokea: "If he had come, I would have told him." Tatu kwa tatu. Kweli mitaani "-nge-" na "-ngali-" tunazichanganya, lakini shuleni mtoto amefundishwa kuzitofautisha, na anazielewa. Mtego ni mmoja tu, na unaelezeka kwa sentensi moja: Kiswahili kinaweka "-nge-" pande zote mbili, Kiingereza kinaweka "would" upande mmoja, ule usio na "if". Ndiyo maana watoto wetu huandika "If I would have money, I would buy a bicycle." Hilo si kosa la uvivu. Ni "-nge-" mbili zilizohamishwa zilivyo, kwa uaminifu wote, na mtoto ambaye hakuna aliyemwonya.

Wengine watasema kuna mambo ya Kiingereza ambayo Kiswahili hakina kabisa, na mfano wao ni "the". Neno hilo kweli hatuna. Jambo lenyewe tunalo. "Nimesoma kitabu" na "nimekisoma kitabu" si mamoja, na mtoto yeyote wa darasa la nne anasikia tofauti: ya kwanza ni kitabu tu, ya pili ni kile ambacho mimi na wewe tumekwisha kukizungumzia. "I have read a book." "I have read the book." Mlango wa kuingilia kwenye "a" na "the" uko hapo, kwenye ile "ki" ndogo katikati ya kitenzi. Haitamfikisha mtoto kila mahali, maana "the" ina vichochoro vyake, lakini itamwingiza ndani badala ya kumwacha abahatishe nje.

Yako mengine ya kupitia haraka. Ukimuuliza mtoto "Hujala?", naye hajala, anajibu "Ndiyo", lakini kwa Kiingereza lazima ajibu "No, I haven't", kwa sababu Mwingereza anajibu ukweli wa tendo na sisi tunamjibu muulizaji. Sisi tunafunga sentensi yoyote kwa "sivyo?" moja, Kiingereza kinabadili mkia kila mara, "doesn't she?", "aren't they?", "can you?". Sisi tunasema "watoto wazuri" kwa wingi pande zote mbili. Kiingereza hakikipi kivumishi wingi hata siku moja. Sisi tuna "-ni" moja ya sokoni, mezani na nyumbani. Wao wana "at", "on" na "in", ingawa mtoto anayejua kutofautisha "yupo" na "yumo" amekwisha kuipata "in" bila jasho. Na lile swali la "neither... nor" lililomo kwenye kila kijitabu lina kanuni nyepesi: kitenzi kinapatana na mtenda aliye karibu nacho, kwa hiyo "the pupils were". Mtoto aliyekulia kwenye upatanisho wa ngeli, wa kiti hiki kizuri kimevunjika na viti hivi vizuri vimevunjika, umtishe na upatanisho wa "was" na "were"?

Yapo ya kukariri, sikatai. "Go, went, gone" haina njia ya mkato, na "buy, bought" ni hivyo hivyo. Yakaririwe, tena kwa bidii. Lakini tuwaambie watoto bayana: haya ni ya kukariri, na haya ni ya kuelewa. Leo tunawakaririsha yote, ndiyo maana hata yanayoeleweka yanawashinda.

Sasa niwaulize wanaobandika "No Swahili" ukutani. Mnajua Waingereza walijifunzaje Kiswahili? Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870. Kimeandikwa kwa Kiingereza. Bi E. O. Ashton alitoa kitabu chake maarufu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1944, ngeli zote zikichambuliwa moja moja. Kwa Kiingereza. Maofisa wa serikali ya kikoloni Tanganyika walitakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili ili mambo yao ya kazi yanyooke, na walijiandaa kwa vitabu vilivyowaeleza "-na-", "-me-" na "-nge-" kwa lugha ya mama zao. Hakuna aliyemwambia bwana shauri kwamba akitaka kufaulu Kiswahili asitamke neno la Kiingereza. Mpaka leo mgeni anayekuja Zanzibar kujifunza Kiswahili anafafanuliwa ngeli kwa Kiingereza, anatabasamu, anaelewa, anarudi kwao anaongea. Njia iliyomfaa mtu mzima mwenye elimu na mshahara, kwa nini iwe haramu kwa mtoto wa miaka 13 wa muuza samaki?

Najua hoja ya kwanza itakayoletwa: mtoto akielezwa kwa Kiswahili atazoea kutafsiri kichwani. Ndugu yangu, anatafsiri tayari! "My mother he is sell fish" ni nini kama si tafsiri? Tofauti ni kwamba sasa anatafsiri gizani, peke yake, bila mtu wa kumwambia hapa lugha zinafanana na hapa zinaachana. Unachokizuia kwa kibao cha ukutani si tafsiri. Unazuia maelekezo.

Hoja ya pili: mbona watoto wa inglishi midiamu wanafaulu bila Kiswahili? Wanafaulu kwa sababu walianza wakiwa na miaka mitatu minne, wamesikia Kiingereza asubuhi hadi jioni mwaka baada ya mwaka, wana vitabu vya hadithi, na baadhi yao wana wazazi wanaowajibu kwa lugha hiyo nyumbani. Mtoto wa Kayumba unampa miezi mitatu kati ya Septemba na Januari, kwenye banda la bati lenye watoto wamebanana, akitoka hapo hakuna anayeongea Kiingereza mpaka kesho yake. Kuiga njia ya yule kwa mazingira ya huyu ni kumhukumu ashindwe kabla hajaanza.

Na tusilifiche la tatu, la walimu. Wako walimu wengi hodari na wenye moyo, lakini wako pia ambao Kiingereza chao wenyewe kinayumba, kwa sababu nao walipita njia hii hii. Ukimlazimisha mwalimu wa namna hiyo afundishe jambo gumu kwa lugha inayomyumbisha, atasoma kilichoandikwa kitabuni, atakirudia kwa sauti kubwa zaidi, na kengele italia. Mruhusu afundishe kwa Kiswahili, na utashangaa anavyojua kueleza.

Hakuna anayeweza kusema hatukuonywa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza Kiingereza kwenye shule zetu wakaripoti kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakijui kiasi cha kuweza kusomea. Zaidi ya miaka 40 imepita. Profesa Martha Qorro, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameeleza kwa miaka mingi kwamba kufundisha lugha ni kazi moja na kuitumia lugha kufundishia masomo mengine ni kazi nyingine, na kwamba ya pili haifanyi kazi ya kwanza. Tumesikia, tukaendelea na vibao vyetu.

Vibao hivyo vingine vinavaliwa shingoni. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alisimulia jinsi watoto wa Kenya ya kikoloni walivyoadhibiwa kwa kuongea Kikikuyu shuleni, wakivalishwa bamba la chuma lenye maneno ya kuwatukana. Mkoloni ameondoka, na bado ziko shule katika nchi yetu huru, nchi iliyoikomboa lugha yake kuliko nyingi barani, ambako mtoto anayekamatwa akiongea Kiswahili wakati wa mapumziko anavalishwa kibao mpaka amkamate mwenzake. Tunamfundisha nini? Kuwa mpelelezi wa rafiki zake, na kuona haya lugha ya mama yake. Kiingereza hajifunzi, kwa sababu mtoto anayeogopa kukosea hasemi kitu. Wahenga walikwisha kutuusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tumeuacha mbacha na msala wenyewe hatujaupata.

Kwa hiyo nadai, na ninataja wa kudaiwa.

Walimu wa tuisheni na wa shule, shikeni kanuni moja: maelezo kwa Kiswahili, mazoezi kwa Kiingereza. Fafanua kwa nini, kisha mtoto aandike sentensi zake mwenyewe kwa Kiingereza, kuhusu nyumbani kwao, kuhusu mechi ya jana, kuhusu bei ya sukari. Asome hadithi fupi za Kiingereza, aseme kwa sauti, akosee, arekebishwe kwa sababu na si kwa neno "Wrong". Vibao vya shingoni vichomwe moto.

Wanaotunga na kuuza vijitabu, kila jibu mnaloliweka nyuma ya kitabu liwe na sababu yake kwa Kiswahili. Kama hamwezi kuandika sababu, hamna haki ya kuandika swali.

Taasisi ya Elimu Tanzania, tuandikieni kitabu cha sarufi ya Kiingereza cha mtoto anayejua Kiswahili, kinacholinganisha lugha hizi mbili kipengele kwa kipengele, kiwe mikononi mwa kila mtoto wa darasa la saba. Steere alikwisha kuwafanyia hivyo watu wake mwaka 1870. Sisi tunasubiri nini?

Wakuu wa shule mnaotoa mitihani ya kujiunga, tangazeni mapema ni mada zipi za Kiingereza mnazopima, ili mtoto wa Sengerema ajiandae kama anavyojiandaa wa Masaki. Na karatasi za Hisabati na Sayansi kwa mtoto aliyesoma kwa Kiswahili zitungwe kwa Kiswahili. Mkizitunga kwa Kiingereza mnampima Kiingereza mara tatu, kisha mnamwandikia kwamba hajui hesabu. Huo ni uongo, na umewafungia nje watoto wenye vichwa ambavyo shule zenu zingejivunia.

Nawe mzazi, una nguvu kuliko unavyofikiri, kwa sababu pesa ni yako. Usihongwe na bango wala na mtoto aliyekaririshwa "Good morning, sir, how are you?" Siku utakayokwenda kuandikisha, fungua kijitabu chao ukurasa wowote, weka kidole kwenye swali lolote, na umwombe mwalimu akueleze kwa Kiswahili kwa nini jibu ni hilo. Akikueleza ukaelewa, mwachie mtoto wako kwa amani. Akishindwa, au akikuambia Kiswahili hakiruhusiwi hapo, mchukue mtoto wako muondoke, na usiache hata shilingi.